Huyu Sasa Anaweza Kuulizwa

Tatu mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumeonana asubuhi, ukanipa shikamoo yako kwa adabu zote, na mimi nikaitikia marahaba kwa pua, nimeinamia ungo najifanya nachambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa safi, haukuwa na hata chuya moja. Nilikuwa nachambua hasira.

Sasa hivi ni alasiri. Umetoka kwenda kuaga nyumba hadi nyumba, kama inavyompasa mtu anayesafiri, na najua hutarudi haraka. Kila mlango utakalishwa, utapewa maji, utaulizwa Nyangamara kuna nini huko mpaka wamwite mtoto wa Kivinje. Nimekaa kitandani kwako. Begi lako liko wazi sakafuni, nguo zimefukizwa udi, harufu imejaa chumba kizima. Maji yametoka mbali leo, pwani imebaki nyeupe mpaka kule kwenye mikoko, na pazia linavutwa na kuachiwa, linavutwa na kuachiwa, mpaka macho yangu yanakuwa mazito. Ukikuta mahali mwandiko umepinda, ujue nilisinzia.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kufunga mlango nayaruka. Umekaa chuoni Dar es Salaam miaka yote ile na hukuugua kitu kikubwa zaidi ya mafua. Hayo unayajua. Nina jambo moja tu la kukwambia, na nikizunguka kabla ya kulifikia nivumilie, mama yako hajazoea kuandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu.

Jana mchana ulikuja mlangoni kwangu. Ukapiga magoti pale kizingitini, ukasema taratibu, "Mama, nimekuja kuomba radhi zako." Mimi nilikuwa nimelala ubavu, nimeelekea ukutani. Ukasema tena, "Mama." Nikavuta pumzi ndefu za mtu aliye usingizini. Ukangoja. Ukainuka, ukaenda zako, na miguu yako niliisikia mpaka uani.

Sikuwa nimelala, Tatu. Nilikuwa macho kabisa, hata goti lako lilipogusa saruji nililisikia. Nilifanya makusudi. Kwetu mtoto hapandi gari kwenda kuanza maisha bila radhi za mamake, hilo unalijua na mimi nalijua, na nilizizuia kwa sababu nilijua zitakuuma wapi. Mtu mzima mzima, nimejifunika kanga usoni kama mtoto anayekwepa madrasa.

Na yote hayo kwa sababu ya juzi.

Juzi ilikuwa siku yangu, si yako peke yako. Wanawake wamejaa uani wanapika chakula cha dua ya safari yako, moshi, nazi, kelele, na kila anayeingia anasema, "Hongera Bi Hadija, mtoto sasa ni ustawi wa jamii." Nikavimba. Wallahi nilivimba, kidogo nipasuke. Na katika kuvimba huko nilikuwa nimeshamwahidi mtu kitu chako bila kukuuliza. Shangazi yako Bi Salima alinijia wiki moja kabla akilia. Binti yake Zuhura amerudi nyumbani na mtoto wake Mudi, kagombana na mume, na yule mume, mvuvi wa Kiswere, anatuma watu kwamba anamtaka mwanawe. Nikamwambia wifi yangu, "Unalia nini na Tatu yupo? Tatu atakuandikia karatasi, yaishe."

Basi Bi Salima akaacha kukuna nazi, akafuta mikono, akasema mbele ya watu wote, "Tatu mwanangu, kabla hujaondoka niandikie ile karatasi. Andika tu kwamba ustawi wameamua Mudi abaki kwa bibi yake. Weka sahihi yako pale chini, mimi nitajua pa kuipeleka."

Zuhura alikuwa pale pale, kampakata Mudi, anamlisha ukoko wa wali. Hakusema neno. Na hakuna aliyemtazama.

Ukasema, "Shangazi, siwezi."

Bi Salima akashika kiuno.

"Huwezi vipi?"

Ukamweleza kwa upole, na leo nakubali kwamba ulikuwa upole, juzi niliuona ni maringo. Ukasema bado hujasajiliwa. Ukasema unakwenda Nyangamara kufanya kazi chini ya msimamizi kwanza, na mpaka yeye aridhike na karatasi ya ruhusa itoke, sahihi yako haina nguvu yoyote. Na hata ikitoka, ukasema, kumpa mtu mtoto si kazi yako, ni ya mahakama. Kazi yako ni kusikiliza, kutembelea nyumba, kuandika ulichokiona na kumfikisha mtu panapostahili. "Halafu shangazi, wewe ni damu yangu. Hata ningekuwa na ruhusa, jambo lako lingeshikwa na mwingine. Kesho au keshokutwa twende wote Masoko, kuna afisa ustawi pale, nitakaa nawe mpaka uhudumiwe."

Bi Salima akacheka kicheko kile chake cha puani. "Kumbe miaka yote ile ulisomea kukataa?"

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Ningenyamaza ningepungukiwa nini? Lakini mdomo wangu unaujua. Nikasema, "Karatasi! Yaani siku hizi mtu anahitaji karatasi ndipo amsaidie mwenzie? Mimi nimefunda wasichana wa mji huu mpaka nimeota mvi, na sijawahi kumwonyesha mtu karatasi."

Na wewe, bila kupandisha sauti, ukanijibu, "Lakini mama, hata wewe hukuanza kufunda mpaka bibi alipokufunga kanga."

Mtu mmoja akacheka. Sitamtaja, najua ni nani. Mimi nikaingia ndani, na chakula cha dua sikukigusa.

Kilichoniuma si kwamba ulinijibu. Kilichoniuma ni kwamba ulisema kweli, na mbele ya Bi Salima.

Unajua jinsi nilivyofungwa ile kanga? Nadhani nimewahi kukusimulia vipande vipande tu. Nilimfuata bibi yako, mama yangu, miaka mingi nikimbebea mkeka na kikapu chake kwenda unyagoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya makungwi na kunyamaza. Harufu ya zile siku ninayo mpaka leo, mafuta ya nazi, vumbi la ngoma, majani yaliyolowekwa. Wakati mwingine nikisinzia kama sasa naisikia kabisa, naona na mkono wa mama ukinionyesha pa kukaa. Mara moja nilifungua mdomo. Mwari mmoja aliuliza jambo, makungwi wakawa bado wanajikohoza, mimi nikamjibu. Jawabu langu lilikuwa sawasawa. Mama akasimamisha ngoma, akaniambia nibebe kikapu nirudi nyumbani. Nililia njia nzima. Aliporudi nikamwambia, "Lakini nilisema kweli." Akasema, "Ulisema kweli. Hukuwa umeulizwa."

Loo, nilimchukia! Halafu siku ikaja, sikuambiwa mapema, akaniita katikati ya wenzake, akanifunga kanga nyekundu kiunoni kwa mikono yake, akasema kwa sauti, "Huyu sasa anaweza kuulizwa. Na asilolijua atasema silijui." Vigelegele vikapigwa. Nilihisi miguu yangu haigusi chini.

Maneno yale yalikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza niliivaa mpaka ikachakaa. Nusu ya pili sikukaa nayo hata mwaka.

Sasa nikwambie ya leo asubuhi. Ulidhani nimekwenda sokoni. Nilikwenda Masoko, na Bi Salima na Zuhura na Mudi, kwa afisa wako wa ustawi. Usifikiri nilikwenda kwa wema. Nilikwenda ili nirudi na karatasi niitandaze mbele ya macho yako, nikwambie, haya, hii hapa, mwenzako ameandika.

Tukamkuta kijana, shati limenyooshwa pasi, chai imepoa mezani. Cheti chake kimetundikwa juu ya kabati ndani ya fremu. Nilikitazama sana kile cheti, nikawaza, ndiyo kanga yake hiyo. Bi Salima akaeleza, mimi nikamsaidia kueleza, tukaeleza mpaka tukachoka. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama zangu, nashukuru. Sasa nawaomba mtupishe kidogo, nizungumze na dada peke yake."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni somo wake. Huyu nimemfunda mimi, hana la kunificha."

"Nimekusikia, mama. Benchi liko hapo nje, kuna kivuli."

Mimi! Nikatolewa nje ya mlango na mtoto wa kumzaa! Bi Salima akampeleka Mudi kununua kashata, mimi nikakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini na hasira zangu. Upepo wa bahari ukawa unakuja kidogo kidogo, majani yanaanguka, mtu ndani anapiga mihuri, tap, tap, na sijui ni saa ngapi nilisinzia. Nikamwona Mwajuma usingizini.

Alikuja akipita mbele ya zile ofisi na kanga yake ya maua, mtoto mgongoni, anatembea kama watu wanavyotembea majini, polepole, akivuta miguu. Akasimama mbele yangu. Akawa ananitazama tu, kama anayengoja zamu yake.

Mwajuma unamfahamu, wa Miteja, yule anayetuletea korosho za kukaanga kila msimu na haingii ndani. Wewe ulikuwa mdogo wakati ule, umenishika kanga kila ninapokwenda, na watu hawakukaa kukueleza. Lakini mji mzima unajua, si siri. Mimi tu ndiye ambaye sijawahi kuzungumza nawe jambo hili.

Alikuwa mwari wangu, nilimcheza unyago mimi. Akaolewa, akazaa mtoto wa kwanza, na baada ya arobaini akaja kwangu, kwa sababu msichana wa kwetu akibanwa na jambo haendi kwa mamake, anakwenda kwa somo wake. Akakaa pale jikoni. Akasema, "Somo, namsikia mtoto analia, nikienda namkuta amelala." Nikamwambia ni uchovu, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamkanda. Akaja tena. Akasema anaogopa kisima. Hakusema kwa nini, alisema tu kisima kinamwita. Nikamwambia avumilie, uzazi wa kwanza una mambo, nikamsomea dua, nikampaka mafuta. Akaja tena na tena, kila mara amekonda, na kila mara mimi nilikuwa na la kumpa.

Na sikumwambia mtu. Hapo ndipo penyewe, Tatu. Neno la mwari kwa somo wake halitoki, hata mamake haambiwi, ndivyo tulivyolelewa. Mama yake aliniuliza njiani, "Mwajuma ana nini?" nikajibu, "Hana kitu, mambo ya wanawake." Nesi wa kliniki aliniuliza, nikamjibu hivyo hivyo. Nilikuwa nalinda siri. Nitakwambia na lililo chini ya hilo, kwa kuwa uso wako siuoni sasa: nilikuwa naona raha kuwa peke yangu ninayejua. Kulikuwa na utamu katika kuulizwa na kunyamaza. Nilijiona mkubwa.

Siku moja maji yalikuwa yametoka mbali, kama leo. Wanawake wako mwambani wanatafuta pweza. Wakamkuta mtoto amelazwa juu ya mchanga, amefungwa vizuri katika kanga, kavu, safi, anatazama mbingu. Na maji yameshaanza kurudi. Wakainua macho wakamwona Mwajuma mbele, maji kifuani, anakwenda tu, hakimbii, hageuki. Wakapiga kelele. Wakaacha pweza, wakaacha vijiti, wakamfuata. Alhamdulillahi walimfikia. Alipelekwa hospitali Lindi, akakaa huko kitambo, akapewa dawa, akarudi na macho yake ya zamani. Ule haukuwa uchovu. Ulikuwa ugonjwa, una jina na una watu waliousomea, na mimi nilikuwa nauwekea mafuta ya nazi.

Nilikwenda kumwona Miteja, ameshahamia huko kwenye mikorosho ya mumewe. Nikamwambia, "Mwanangu, siri yako sikuitoa hata kwa mmoja." Nilisema kwa fahari, unaweza kuamini? Nilitaka ajue kwamba somo wake hakumsaliti. Akanitazama kama alivyonitazama pale kwenye benchi. Akasema, "Somo, nilikwambia wewe ili umwambie mtu."

Nikainuka, nikarudi Kivinje.

Basi nikaishi nikidhani nimejifunza. Nilisema moyoni, Hadija, umepata funzo lako. Kumbe funzo lilikaa kwa Mwajuma tu. Likija jambo jingine, la ndoa, la mtoto, la shamba, nilikuwa yule yule, mkono mwepesi, mdomo mwepesi, jawabu tayari. Na juzi, mwanangu aliyesomea kusema "hapa si pangu" aliposema "hapa si pangu", mimi nikaona amenivunjia heshima.

Niliamshwa na mlango. Zuhura ametoka, macho mekundu, lakini mabega yake yameshuka, anaonekana mwepesi. Bi Salima amesharudi na Mudi, kashata midomoni. Akarukia, "Haya, ameandika?"

Zuhura akasema, "Mama, mimi narudi Kiswere."

"Unarudi wapi?"

"Kwa mume wangu. Nilitaka aje anichukue kwa heshima, wazee wake wakiwepo, aseme amekosa. Basi. Sikutaka mtoto atenganishwe na babake. Wewe ndiye unayetaka Mudi abaki."

Bi Salima mdomo wazi. "Sasa mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza?"

Na alipokuwa anasema hivyo hakumtazama mamake. Alinitazama mimi. "Hata wewe, somo."

Wiki ile nzima, Tatu, nimemwona kila siku. Nimemletea samaki, nimempakata Mudi, nimemwambia asijali, Tatu atamaliza kila kitu. Swali moja dogo, "Wewe mwenyewe unataka nini, mwanangu?", halikunijia. Kijana wa watu, hajui hata sisi ni wa ukoo gani, ndilo aliloanza nalo.

Nikamchungulia mlangoni. Nikamwuliza, "Amekwambia nini hasa?" Akatabasamu, akasema, "Mama, hayo ni yake." Akatueleza atampigia mume, atawakalisha wote wawili, na wakishindwana mahakama ndiyo itakayoamua, yeye ataandika alichokiona tu. Maneno yako yale yale! Nikadhani mmekariri darasa moja. Njiani kurudi Bi Salima hakusema nami, Mudi akalala mapajani kwangu, mabwawa ya chumvi yakawa yanameremeta upande wa pili wa barabara, na mimi nikawa nawaza kitu kimoja. Kama ungenitii juzi, ungemtenga mtu na mumewe kwa kalamu, hata kazi hujaanza. Na mimi ningepiga vigelegele.

Nyangamara siijui vizuri. Nilipita zamani kwenda mazishini, nakumbuka mikorosho imetoa maua, njia nzima inanukia tamu mpaka kichwa kinazunguka, na watu wanasalimiana Kimwera, nami sielewi neno. Jifunze salamu zao mapema. Wewe hutaitwa Tatu huko. Utaitwa "ustawi", utasikia watoto wanakimbia mbele wanasema ustawi anakuja, na wazee watakuletea kuku. Kuku wa watu usimchukue, lakini usimkatae kisomi pia, ukawasomea sheria. Kaa, kunywa maji yao, waambie kuku amependeza, abaki kwao atage. Watakuelewa.

Watakuuliza kila kitu. Dawa, mipaka ya shamba, ndoto, mtoto aliyefeli, mume aliyehama. Watakuuliza kwa macho ya kuamini kabisa, na hapo ndipo penye ule utamu niliokwambia. Mimi nimeuonja, naijua ladha yake. Unataka kujibu. Jawabu linakuja lenyewe hadi kwenye ulimi. Siku hiyo, sikuombi ukumbuke sheria wala walimu wako wa chuo. Mkumbuke Mwajuma jikoni kwetu na uji wake wa pilipili manga. Na atakayekunong'oneza jambo zito, kabla hajaondoka mwulize anataka lifike wapi. Huenda amekuja kwako kwa sababu wewe una njia na yeye hana.

Yule msimamizi wako, mama wa Nyangamara, sijamwona. Umesema kwenye simu alikuwa mkali. Nimefurahi. Akikwambia ubebe kikapu urudi nyumbani, lia njia nzima, halafu kesho yake urudi.

Sauti yako naisikia sasa. Umefika kwa mama Rehema, nyumba ya pili, unacheka, kumaanisha wanakutania kuhusu mume wa Kimwera. Imebaki milango miwili. Niharakishe.

Tatu, leo nilipotoka Masoko nilifungua kabati nikatoa ile kanga nyekundu. Imefifia, pindo limeachia. Nikaja nayo hapa kwako, nikaiweka juu kabisa ya begi lako, nikaona imependeza pale, nikalia kidogo. Nilitaka nikufunge mimi, kesho alfajiri, mbele ya baba yako, kama mama alivyonifunga.

Kisha nikaitoa. Nimeikunja nimeirudisha kabatini, na ndiko itakakokaa. Si mimi wa kukufunga. Kazi yako siijui, sikuisomea, na asilolijua mtu aseme silijui. Haya, nimesema. Yule mama mkali ndiye atakayekutazama, na wenye bodi yao ya usajili ndio watakaotoa karatasi, siku watakapoona sawa. Siku hiyo nipigie simu, hata nikiwa msikitini. Mimi huku nitapiga vigelegele peke yangu, na yule aliyecheka juzi atasikia.

Ya kwangu mimi ni radhi tu. Hizo hazina bodi wala msimamizi, hazitolewi na mtu mwingine yeyote, na nilikuwa nimezikalia.

Barua hii nitaitia chini ya nguo zako, utaisoma garini. Lakini radhi sitaki uzisome. Nakusikia umefungua mlango wa wavu wa uani, unamwuliza baba yako, "Mama yuko wapi?" Njoo, mwanangu. Piga magoti pale pale ulipopiga jana. Safari hii nimekaa, nimeelekea mlangoni, na macho yangu yako wazi.

Mama yako